Tatizo limo kwenye mpira wa mkojo, si kwa mgonjwa tu
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema usugu wa dawa, yaani bakteria kutouawa tena na dawa, unaletwa na wagonjwa wanaokatisha dozi. Wapo, lakini mimi muuguzi wa wodi ya wanaume naona lingine. Wazee waliovimba tezi dume, wanaokaa na mpira wa mkojo (mrija unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo) wiki nenda wiki rudi, humeza dawa mpaka kidonge cha mwisho, homa inashuka, kisha inarudi palepale. Utoe mpira huo uutazame: una ute unaoteleza, na kwenye ncha magamba meupe yanayokwaruza kidole kama mchanga. Hiyo ni kazi ya Proteus mirabilis, bakteria anayevunja urea, taka iliyomo kwenye mkojo, hadi chumvi za mkojo zinaganda. Ute ule ni utando wa bakteria walioshikamana, na ndani yake bakteria wanaweza kustahimili dawa hata mara 1000 ya kiwango kinachowaua wakiwa wanaelea, maana wengi wamelala, hawagawanyiki, na penisilini huua wanaojenga ukuta mpya. Ndiyo maana majibu ya maabara yanasema dawa inafaa na mzee wa watu haponi. Humo humo wanapeana vinasaba vya usugu. Mpira uliozidi wiki 2 ubadilishwe kabla ya kuanza antibayotiki, na sampuli ya mkojo itoke kwenye mpira mpya, kamwe si kwenye mfuko. Badala yake tunamwongezea dawa kali zaidi, halafu tunamlaumu yeye! Nyie mnaouguza wazee nyumbani, kuna aliyewahi kubadilishiwa mpira kwanza kabla ya kuandikiwa sindano?