Erich Kästner: ngumi iliyobaki mfukoni

Usiku wa tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wafuasi wa Nazi walipokuwa wakichoma vitabu katika uwanja wa Opernplatz mjini Berlin, mwandishi Mjerumani Erich Kästner alisimama umatini akisikia jina lake likisomwa na vitabu vyake vikirushwa motoni. Mwanamke mmoja akamtambua, akapaza sauti. Akajiondokea. Uwanjani aliondoka, Ujerumani hakuondoka, na ndiyo kesi anayoshtakiwa mpaka leo.

Waandishi wenzake Brecht na Thomas Mann walikuwa nje ya nchi tayari. Yeye, aliyeandika riwaya ya watoto Emil und die Detektive mwaka 1929, asingekosa pa kufikia. Basi kwa nini abaki? Wanaomlaumu wana hoja nzito: mwaka 1942 aliiandikia kampuni ya filamu ya UFA mswada wa filamu ya Münchhausen, filamu ya rangi ya kuadhimisha miaka 25 ya kampuni hiyo, iliyofadhiliwa kwa ukarimu mkubwa na Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler. Mkono uliochoma vitabu vyake ndio uliomlipa. Hilo halifutiki.

Lakini wengi huishia hapo, na mimi hapo ndipo ninapoanza. Ndani ya Ujerumani alikuwa amezuiwa kuchapisha. Vitabu vyake vilitoka Uswisi. Gestapo, polisi wa siri wa Nazi, walimkamata mara 2. Mama yake, Ida, alikuwa Dresden, na Kästner ndiye mtoto wake wa pekee, akimwandikia barua karibu kila siku. Anayesema "angehama tu" ajiulize mama huyo angeachiwa nani.

Tuitazame filamu yenyewe. Kwanza, utawala uliojigamba kwamba umesafisha fasihi ulilazimika kumrudia kwa mlango wa nyuma mtu uliyemwita mchafu, kwa jina la bandia la Berthold Bürger. Huko ni kukiri kwamba jikoni hamna mpishi. Pili, alimpa Casanova, mmoja wa wahusika wa filamu, maneno ya kuonya juu ya dola yenye macho na mikono elfu kumi, itendayo haki au dhuluma kama ipendavyo. Watazamaji wa Machi 1943, jeshi la Ujerumani likiwa limeshindwa Stalingrad wiki chache tu kabla, hawakuhitaji mkalimani. Jina la mwandishi halikuonekana kwenye filamu, hata lile la bandia. Hitler alipopata habari, akampiga marufuku asiandike chochote.

Ni kweli pia kwamba filamu ile iliwaburudisha watu, na Goebbels alitaka hasa waburudike. Sioni njia ya kulikwepa hilo.

Linalonisumbua zaidi ni jingine. Kästner alisema alibaki ili awe shahidi, aje aandike riwaya kubwa ya zama zile. Aliweka shajara kwa hatimkato, ndiyo. Vita vikaisha, akaandika kitabu cha watoto Das doppelte Lottchen mwaka 1949, na mswada wa filamu ya kitabu hicho ukampa tuzo mwaka 1951. Riwaya haikuja. Mwaka 1961 alitoa shajara ya mwaka 1945 peke yake, akidai kwamba utawala ule haukuwa na kimo cha riwaya kubwa. Jibu hilo lina werevu kuliko ukweli, nadhani.

Ila hakujipamba. Mwaka 1958, akiwahutubia waandishi wenzake mjini Hamburg kuhusu usiku ule wa moto, alikiri kwamba hakupiga kelele wala hakuinua ngumi. Aliikunja tu, ndani ya mfuko.