Ngazi 72 za Philadelphia: Filamu Ilileta Nini, Ilifunika Nini

Jengo likishatokea kwenye filamu maarufu, mabishano huwa hayako mbali. Mashabiki na watu wa utalii huuliza: mji umetangazwa dunia nzima bila kutoa senti, sasa mnalalamika nini? Wanahistoria na wahifadhi wa majengo huguna, na wakiguna huitwa wakorofi wasiopenda wenzao wafurahi. Nadhani hawa wanaoguna hawajasikilizwa vizuri, na ngazi za Jumba la Sanaa la Philadelphia, Marekani, ni mahali pazuri pa kuwasikiliza.

Filamu ipewe haki yake kwanza. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1928, na kwa miaka mingi lilikuwa mahali pa watu wanaojua wanachokwenda kutazama. Kisha Garrett Brown, mpigapicha wa Philadelphia aliyebuni Steadicam, kifaa cha kutuliza kamera inayotembea, akakijaribu kwa kumrekodi mwenzi wake akikimbia kwenye ngazi zile. Mwongozaji John Avildsen alipoiona picha hiyo, akauliza ngazi ziko wapi. Hivyo ndivyo zilivyoingia kwenye Rocky, filamu ya mwaka 1976 kuhusu bondia wa kubuni wa mji huo, na tangu hapo watu ambao wasingefikiria kukanyaga jumba la sanaa wamezipanda mbio na kunyoosha mikono juu kileleni. Kuwafanya watu wa kawaida wahisi jengo la fahari ni lao pia si jambo dogo. Sylvester Stallone, mwigizaji wa Rocky, alipoagiza sanamu ya shaba ya bondia huyo ikae kileleni mwa ngazi kwa ajili ya filamu ya tatu, iliyotoka 1982, wakubwa wa sanaa walisema hicho ni kifaa cha filamu tu, kikapelekwa kwenye ukumbi wa michezo. Mwaka 2006 sanamu ikarudishwa, safari hii ikawekwa chini ya ngazi, pembeni. Katika ugomvi huo wenye elimu walionyesha dharau, na dharau hiyo ndiyo inayowaponza hadi leo kila wanapotaka kusema jambo la maana.

Nao wana jambo la maana. Philadelphia ilikuwa na bondia wake wa kweli. Joe Frazier alihamia huko akiwa kijana kutoka South Carolina, akafanya kazi machinjioni, na akawa anajifua kwa kupiga minofu iliyotundikwa kwenye chumba cha baridi. Mwaka 1964 alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo. Tarehe 8 Machi 1971, akiwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alimshinda Muhammad Ali kwa pointi mjini New York, katika pambano lililosimamisha dunia. Kile kisa cha kupiga nyama, ambacho kila mtazamaji anakikumbuka kama cha Rocky, kilitoka kwenye maisha yake. Frazier alidai hata mbio za ngazini ni zake. Hapo simulizi la Brown lina nguvu zaidi, angalau kuhusu jinsi eneo lilivyochaguliwa. Lakini nyama ni zake, bila ubishi. Ndani ya filamu yenyewe alipewa nafasi ya kupanda ulingoni, kutambulishwa, kusalimia na kushuka.

Frazier alifariki Novemba 2011 bila mji huo kumjengea sanamu. Yake ilizinduliwa Septemba 2015, kule kwenye viwanja vya michezo kusini mwa mji, mbali na ngazi na mbali na njia ya watalii. Ukihesabu tangu filamu ya tatu ilipotoka, bondia wa kubuni alimtangulia wa kweli kwa miaka 33. Kwa muda wote huo mgeni aliyeuliza kuhusu masumbwi ya Philadelphia alionyeshwa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Wapo wanaojibu kwamba filamu haikumzuia mtu yeyote kumkumbuka Frazier. Ni kweli haikumzuia mtu, ila pengo ambalo lingewasumbua viongozi wa mji lilikuwa limeshazibwa: mji una bondia wake tayari, na watu wanapanga foleni kupiga naye picha. Nani angeharakisha kumtafuta mwingine?

Frazier hayuko peke yake katika kufunikwa. Miongoni mwa walioshiriki katika usanifu wa jumba hilo ni Julian Abele, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 1902. Chama cha wasanifu wa Marekani kilimkubali kuwa mwanachama mwaka 1942, miaka arobaini baadaye. Anayefika kileleni, akageuka kutazama mji na kushuka bila kuingia ndani, jina hilo atalisikia wapi?

Dubrovnik, Croatia, mambo ni ya ajabu zaidi. Ngome ya Lovrijenac ilikuwa ya jamhuri iliyoogopa madaraka ya mtu mmoja hivi kwamba mkuu wake alikaa kitini mwezi mmoja tu. Mlangoni pameandikwa kwa Kilatini kwamba uhuru hauuzwi hata kwa dhahabu yote. Ngome hiyohiyo ndiyo iliyotumika katika tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones kama makao ya wafalme madhalimu, na kwa wageni wengi sasa ni hivyo tu.

Hoja ya mwisho ya mashabiki ni kwamba filamu huokoa majengo, na mfano wanaoupenda ni Bradbury Building ya Los Angeles, jengo la mwaka 1893 lenye ua wa ndani uliofunikwa kioo. Tazama tarehe lakini. Mji uliliorodhesha kama urithi mwaka 1962, taifa likafuata mwaka 1971, na Blade Runner, filamu iliyolipa umaarufu, ikatoka 1982. Waliolilinda kisheria ni haohao wakorofi. Filamu ililikuta likiwa na ulinzi, ikaliongezea jina.

Sisemi sanamu ing'olewe wala watu wazuiwe kukimbia. Lakini mji unaotoa kibali cha kufunga barabara na kukodisha mnara wake una nguvu ya kuweka masharti, na sharti moja ni rahisi: sehemu ya ada iende kwenye kibao, maonyesho au mwongoza watalii atakayesimulia ya kweli palepale filamu ilipopigwa, si kilomita kadhaa kutoka hapo. Watayarishaji watanung'unika kuhusu gharama. Kwa bajeti zao, gharama ya kibao haiwezi kuwafukuza.