Aliangukia nini? Ubishi wa Mafinga kuhusu kudondoka kutoka ndegeni

Ukikaa nje ya kiwanda cha mbao Mafinga asubuhi, hukosi vitu viwili: harufu ya paini mbichi na ubishi. Wa juzi uliletwa na ndege. Ilipita juu ikielekea upande wa Songwe, na kijana mmoja mpanga mbao akauliza kama mtu akidondoka kutoka kule bila parachuti anaweza kupona. Fundi wa mashine hakumwacha hata amalize. "Hakuna kitu kama hicho, dogo. Wewe ni wa kuzolewa kwa koleo." Kijana akashikilia kwamba kuna dada wa Ulaya alidondoka kilomita kumi akapona, na tena akaishi miaka mingi. Mama anayetuuzia chai na mayai ya kukaanga alikuwa kimya muda wote, akauliza swali moja tu: "Sasa huyo dada aliangukia nini?"

Hakuna aliyemjibu. Nimelibeba swali lake hadi nyumbani, na kadiri ninavyolitazama naona ndilo lililokuwa la msingi, kuliko yale waliyokuwa wakipigiana kelele wenzake wawili.

Nianze na kijana, kwa sababu hakuwa anatunga. Dada huyo ni Vesna Vulović, mhudumu wa ndege wa Yugoslavia. Tarehe 26 Januari 1972 ndege aliyokuwa akiihudumia ililipuka angani juu ya Czechoslovakia. Ndani walikuwemo watu 28, akapona yeye peke yake. Rekodi iliyoandikwa ni mita 10,160. Wala hakuwa peke yake duniani. Mwezi mmoja kabla, mkesha wa Krismasi wa 1971, ndege ya abiria ilipigwa na radi juu ya msitu wa Peru ikasambaratika, na Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17, akashuka kama kilomita tatu akiwa amefungwa mkanda kwenye kiti chake. Alivunjika mfupa wa bega na kukatwakatwa, kisha akatembea msituni siku kumi na moja akifuata vijito mpaka akakutana na watu. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, Machi 1944, mpiga bunduki wa Uingereza, Nicholas Alkemade, aliruka kutoka ndege iliyokuwa inaungua kwa sababu parachuti lake lilikuwa limeshaungua. Alishuka mita 5,500 hivi. Aliteguka mguu. Wajerumani waliomkamata walimwona jasusi anayewachezea akili, mpaka walipokagua mabaki ya ndege.

Kwa hiyo "hakuna kitu kama hicho" ya fundi imeshaanguka. Lakini hebu tuwe waangalifu, maana stori ya Vulović yenyewe ina utata. Mwaka 2009 waandishi wawili wa habari walidai kwamba ndege ile haikulipuliwa juu kule, bali ilitunguliwa kimakosa na jeshi ikiwa chini sana, mita mia kadhaa tu kutoka ardhini. Mamlaka ya anga ya Czech ililikataa dai hilo. Wanaobisha huwa wanalishika kama rungu: mnaona, kumbe hazikuwa kilomita kumi!

Ninavyoona mimi, rungu hilo halipigi mahali pake. Mtu anayeanguka haongezi kasi milele. Baada ya sekunde kumi na kidogo, akiwa ameshashuka mita mia nne au mia tano hivi, hewa inayomsukuma kutoka chini inalingana na uzito wake, na kasi inabaki palepale: karibu kilomita 200 kwa saa akiwa amelala kifudifudi. Aliyetoka mita 800 na aliyetoka mita 10,000 wanagonga chini kwa kasi ileile. Aliyetoka juu zaidi ameongezewa baridi kali, kuzirai kwa kukosa hewa, na dakika tatu za safari badala ya sekunde chache. Urefu unaotutisha sote tukiangalia juu ndio wenye uzito mdogo kabisa katika hesabu hii.

Hapa kwetu kuna nyongeza. Hizo kilomita 200 ni za usawa wa bahari. Mafinga tuko juu ya mita 1,800, hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi inakushika kidogo. Ukipiga hesabu unapata karibu kilomita 216 kwa saa, yaani mita 60 kwa kila sekunde. Mtu aliyedondokea Dar es Salaam anagonga kwa nguvu pungufu kuliko aliyedondokea Mafinga au Makete, tofauti inayokaribia asilimia 20, maana nguvu ya kugonga inakua kwa kasi mara kasi. Hewa nzuri ya Nyanda za Juu ina gharama zake.

Basi tumefika chini, mita 60 kwa sekunde. Hapa ndipo swali la mama lilipo. Kinachoua ni kusimama, na kusimama kunapimwa kwa umbali. Ukisimama ndani ya mita moja, kwa muda ule mfupi mwili wako unabanwa kwa nguvu kama mara 180 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 anakuwa kama amekaliwa na tani 12 na ushee, Fuso na mbao zake. Ukisimama ndani ya mita tatu, inashuka hadi tani nne hivi. Ukiangukia udongo wetu mwekundu uliokauka Agosti, unasimama ndani ya sentimita chache, na hapo fundi na koleo lake wako sahihi kabisa.

Mwili unaweza kubeba kiasi gani? Desemba 1954 daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Stapp, alifungwa kwenye kiti cha roketi kinachokimbia relini, kikafika zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa ndani ya sekunde 1.4. Alibanwa kwa mara 46 ya uzito wake. Macho yalijaa damu, akakaa muda haoni, akapona, akaja kufa mwaka 1999 akiwa mzee wa miaka 89. Na mwaka 2003 dereva wa mbio za magari wa Sweden, Kenny Bräck, aligonga huko Texas, chombo kilichokuwa garini kikaandika mara 214, kwa nukta ndogo sana ya muda. Alivunjika vibaya lakini yuko hai. Wote wawili walikuwa wamefungwa mikanda sawasawa. Mtu anayejizungusha angani hana mkanda, na kichwa chake kinaweza kutangulia.

Nikichukua kipimo cha Stapp na kasi ya Mafinga napata mita nne. Mita nne za kusimamishwa polepole, bila tumbo wala shingo kukutana na kitu kigumu njiani. Ukiwatazama wote waliopona, kila mmoja alizipata mita zake mahali fulani, nzima au nusu. Alkemade alipita katikati ya matawi ya misonobari michanga kisha akazama kwenye theluji. Mmarekani Alan Magee, Januari 1943, alipasua paa la kioo la stesheni ya reli Ufaransa, na paa ndilo lililokula sehemu ya kasi yake. Vulović alibaki ndani ya kipande cha bodi ya ndege, inasemekana akiwa amebanwa na toroli la chakula, na kipande hicho kikatua kwenye mteremko wenye miti na theluji. Yeye alikuwa mtu wa presha ya kushuka, na madaktari wake walidhani hiyo ilimfanya azirai mapema na kuunusuru moyo. Koepcke alikuwa na kiti. Mwenyewe aliamini kwamba safu ile ya viti ilishuka ikizunguka, na sisi wa huku, jirani na shamba la paini la Sao Hill, hatuhitaji kuchorewa picha, maana mbegu ya paini ina kijibawa kimoja na hushuka hivyohivyo, ikizunguka kana kwamba haina haraka. Halafu yakamsubiri majani na matawi ya Amazon, tabaka juu ya tabaka.

Je, paini zetu zingefanya kazi hiyo? Nilitaka jibu liwe ndiyo, maana Sao Hill ni shamba la miti kubwa kuliko yote nchini na mtu anaweza kuliona tokea mbali akiwa angani. Lakini miti ile imepandwa kwa ajili ya mbao. Inapogolewa matawi ya chini ili mbao isiwe na macho mengi. Ungepita kwenye kilele chenye majani, ukapata nafuu ya sekunde, halafu zikafuata mita kadhaa za hewa tupu kati ya nguzo, na chini zulia la sindano kavu lenye unene wa kiganja. Theluji hatuna, Kitulo wana sakitu, yaani umande ulioganda, asubuhi za Juni na Julai, na sakitu haimzuii mtu. Paa la bati la geji 30 lingepasuka kwa urahisi, na kupasuka huko ndiko tunakokutaka, ila chini yake kuna kenchi na misumari. Matope ya mpunga Usangu, mwezi wa pili, ningeyapa nafasi kubwa kuliko vyote hivyo. Ziwa Nyasa hapana. Wengi hudhani maji ni laini kwa sababu wanayaingia taratibu. Kwa kasi ile hayapati muda wa kukupisha.

Fundi ana hoja moja ambayo kijana hakuijibu, na mimi naiona ndiyo nzito kuliko zote upande wake. Hawa tunaowataja kwa majina tunawataja kwa sababu wamepona. Kwa Vulović mmoja kulikuwa na wenzake 27 ndani ya ndege ileile, theluji ileile, mteremko uleule. Ukihesabu waliosimulia peke yao, anguko litaonekana jambo la kawaida lenye majeraha.

Upande wa kijana nao una mwaka 2016. Mwezi Julai Mmarekani Luke Aikins aliruka kutoka mita 7,600 bila parachuti, kwa makusudi, akatua kwenye wavu wa mita 30 kwa 30 huko California, akainuka bila jeraha. Huyo alikuwa ameshawahi kuruka zaidi ya mara 18,000, ana watu wa kumwongoza, na wavu uliopimwa ulegee kwa kiasi gani. Alizinunua mita zake kabla ya kuondoka nyumbani. Naona huyo anathibitisha hoja ya mama kuliko ya yeyote: kasi ileile ya kuua, na mtu hana hata mkwaruzo, kwa sababu kilichokuwa chini kilijulikana.

Kesho yake nilirudi na hesabu zangu kwenye karatasi. Fundi alizisoma, akanirudishia. Kijana hakutaka karatasi. Alichukua mayai mawili mabichi kwenye trei ya mama, akapanda juu ya shehena ya mbao, mita tatu hivi. La kwanza aliliachia kwenye udongo. Kuku wa jirani walifika kabla ya sisi. La pili aliliachia kwenye lundo la maranda, likazama likapotea, tukalichimbua kwa mikono.

"Yai si mtu," fundi akasema, "na mbao si ndege." Hapo alipiga penyewe: kutoka mita tatu yai linafika chini kwa kilomita 28 kwa saa, mwendo wa bodaboda inayokwepa mashimo. Nguvu ya anguko la kweli, kwa kila kilo, ni kama mara 60 ya hiyo. Na lundo lile, aliongeza, ni laini juu tu. Chini limenyeshewa na kushindiliwa, na likikupokea litakufukia uvute maranda badala ya hewa. Kijana akasema lakini yai zima. Wakaanza upya.

Mama alilipokea yai, akaligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa na ufa mmoja mwembamba kama unywele, kutoka kichwani hadi kitakoni. Alimdai kijana hela ya mayai yote mawili, akalipasulia kikaangoni.