Udongo Ulionimezea Yeboyebo

Yeboyebo yangu ya mguu wa kushoto ilimezwa na bustani mwezi wa tatu mwaka jana. Sitanii. Niliingia kwenye tuta la mchicha asubuhi baada ya mvua, nikavuta mguu, mguu ukaja peke yake. Nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikapapasa kama mtu anayetafuta kambare, nikatoka na tope tupu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Baba watoto," akasema, "siku hizi unapanda viatu?"

Mimi nimekulia Mbagala. Kule ardhi ni mchanga. Ukimwaga ndoo ya maji, hata ndoo hujaiweka chini, maji yameshakwenda kwao. Nilikuwa nalalamika kwamba Mbagala haioti kitu. Mungu anisamehe. Nikahamishiwa Shinyanga kikazi, nikanunua kiwanja pembezoni mwa mji. Dalali alichota kiganja cha udongo mweusi tii, akautazama kwa huruma kama mtoto wake wa kumzaa, akaniambia, "Mzee, hapa ukitupa njiti ya kibiriti inaota." Ilikuwa mwezi wa tisa, ardhi imekauka, ina nyufa za kuingia mkono. Nikauliza, hizi nyufa je? Akajibu kwamba hizo ni za kupitishia hewa. Nami, msomi mzima, nikatikisa kichwa, nikatoa hela.

Wasukuma udongo wao wanaujua kwa majina kama watu wanavyojua wajomba zao. Ule wa mchanga wa huko juu karibu na mawe wanauita luseni, na ndiko wanakopanda karanga na viazi vitamu kwa raha zao. Huku chini, maji yanakotuama, ni mbuga. Bibi jirani yangu alinieleza hayo yote siku ya kwanza, nilipokwenda kumwamkia "mwangaluka" na lafudhi yangu ya Kizaramo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Hapo kwako ni mbuga, ng'wanawane. Hapo ni mpunga. Mvua ikiisha, dengu." Nikamshukuru. Moyoni nikasema, bibi wa watu hajui mimi nina karoti.

Huo udongo una hali mbili tu. Mvua ikinyesha unakuwa bada: unashika jembe, unashika reki, unashika mtu. Kila hatua kiatu kinaongezeka kilo, ukifika mwisho wa tuta umerefuka, unaweza kubadilisha balbu bila ngazi. Jua likiwaka unakuwa tofali. Jembe likishuka linaruka, linakurudia usoni kama lina jambo la kukueleza. Katikati ya bada na tofali kuna siku moja, moja tu, udongo unamomonyoka vizuri mkononi na unalimika. Siku hiyo kwa kawaida ni Jumanne, na mimi nipo kazini kwenye kikao cha kupanga kikao.

Nikamwita bwana shamba. Kijana mpole, amekuja na pikipiki yenye tope la mtaani kwetu tayari. Akachukua donge, akalinyunyizia maji, akalisokota viganjani likawa mkia mrefu, kisha akaukunja ukawa pete. Haikupasuka hata kidogo. Akaniwekea kiganjani, nikabaki nimeduwaa kama bibi harusi.

"Ukiona pete haijakatika, huo ni udongo wa mfinyanzi, mzee," akasema. "Chembe zake moja moja hazifiki milimita 0.002. Zinabanana, maji hayapiti, hewa haipiti."

Akaniambia niinue matuta, nitie mboji nyingi na samadi iliyoiva, nitandaze majani juu, na nisikanyage tuta likiwa bichi. Nikasikiliza kwa makini sana, kama tunavyosikiliza daktari akitukataza chumvi.

Maana mimi nilikuwa na akili yangu. Nilifikiri hivi: udongo huu shida yake ni kunata, Mbagala shida yake ni mchanga, basi nichanganye nipate wa katikati. Hesabu safi. Nikaleta guta nne za mchanga wa mtoni, nikakoroga siku mbili nzima, mgongo ukaniuma mpaka nikawa navaa soksi kwa kusaidiwa. Mvua ikapiga, jua likawaka. Ndugu zangu, nilikuwa nimetengeneza sakafu. Fundi mmoja alipita njiani, akasimama, akaigonga kwa kisigino, akauliza kwa heshima zote, "Mzee, hilo banda la kuku utaezeka lini?" Kibaraza cha nyumba, ambacho fundi huyo huyo alikijenga kwa saruji halali, kilikuwa kimeshapasuka katikati kwa sababu ya ardhi hiyo hiyo kuvimba na kusinyaa. Sakafu ya bustani haikupata hata mstari.

Nikahamia upande wa pili wa uwanja. Safari hii samadi. Usukumani samadi si tatizo, ng'ombe wapo kuliko bodaboda. Lakini bwana shamba alisema iliyoiva, na mimi nililetewa iliyotoka kwa ng'ombe jana yake, bado ina mvuke. Miche ya nyanya ikaungua majani, ikakunjamana, ikalala. Badala yake yakaota majani ya kila aina aliyokula yule ng'ombe tangu utoto wake. Nilipalilia wiki tatu historia ya maisha ya mnyama nisiyemfahamu.

Karoti ziliota, nisizisingizie. Majani yake yalipendeza mpaka wapita njia wakawa wanayasifu. Siku ya kuvuna nikashika shungi la kwanza, nikavuta: majani yakaja, karoti ikakataa. La pili vivyo hivyo. La tatu nikachukua sululu. Sululu, kwa ajili ya karoti! Nikachimba kama nafukua bomba la maji, nikatoa kitu kifupi chenye miguu miwili, imepishana kama ya mtu aliyebanwa na haja. Nyingine ilikuwa na miguu mitatu. Mdogo wangu wa kike alikuja likizo, akazitazama kwenye sinia, akauliza hizi ni dawa ya nini.

Kiangazi ndiyo ikawa vichekesho zaidi. Namwagilia, maji yanasimama juu, yananitazama, mimi nayatazama. Bata wa jirani wakaja kuoga. Kesho yake juu pamekauka na kuweka gamba gumu kama ukoko wa wali. Mbegu za mchicha zimechipua chini yake, zimelibeba gamba lote kichwani kama mfuniko wa sufuria, zimekwama hapo. Nilipita na kijiti nikiwafungulia mmoja mmoja. Mwezi wa nane nyufa zikarudi, na chini kabisa ya ufa mmoja, mahali palipokuwa tuta la mchicha, nikaiona. Yeboyebo yangu. Safi, imekaa wima, kana kwamba mtu ameivua anaingia msikitini. Ile ya kulia nilishaitupa mwezi wa nne.

Msimu wa pili nikasema sasa namtii bwana shamba. Si yote, nusu. Mboji sikuwa nayo, lakini kwenye mashine ya kukoboa mpunga kuna mlima wa pumba, na wanakuruhusu uchukue bure ukija na viroba vyako. Nikasema hizi zitaufungua udongo upumue. Nikabeba viroba kumi na viwili kwa bajaji, dereva akanitoza na hela ya kufagia. Nikachanganya mwezi wa kumi na mbili, nikapanda spinachi, nikaenda kulala nimeridhika.

Mvua za mwezi wa kwanza zikaja kwa hasira, kiwanja kikawa ziwa. Spinachi ilioza hata kabla sijaizoea. Maji yalipopungua nikaona majani membamba yamejaa uwanja mzima, yamesimama kijani kibichi, yana afya ambayo hakuna nilichopanda hapo kimewahi kuwa nayo. Nikasema lo, ng'ombe amerudi. Nikainama nikaanza kung'oa. Nimeshamaliza kona nzima nikasikia ukelele kutoka ng'ambo ya ua.

"Weee! Unang'oa mpunga!"

Zile pumba zilikuwa na punje ambazo mashine haikuzikoboa. Nimebeba mbegu ya mpunga kwa gharama yangu, nikaichanganya kwa mkono wangu, kwenye mbuga. Bibi alikuja na kanga kiunoni, akanionyesha kuinua kingo tukapata jaruba, tukachomoa palipobanana tukapandikiza nilipong'oa, na muda wote huo hakusema hata mara moja "nilikwambia." Alikuwa anaimba tu. Bora angesema.

Mwezi wa tano nikavuna. Mimi, mkulima wa mboga. Tukaukausha, nikaurudisha mashine ile ile, jamaa wa pale akanitambua, akaniuliza, "Mzee, leo huchukui pumba?" Nikamwambia aendelee na kazi yake.

Jioni mke wangu akaupika. Wali ulinukia mpaka nikasahau viroba, guta na sululu. Nikanawa, nikakaa mkekani, nikavuta sinia.

"Mboga iko wapi?"

Akanitazama. "Si ndiyo nakuuliza wewe mwenye bustani?"

Nikavaa kandambili nikaenda gengeni. Mchicha mpana, laini, shilingi 500 fungu. Nikamwambia muuzaji huu bila shaka unatoka huko kwenye luseni, si ardhi yetu hii. Akasema hapana, unatoka kwa yule bibi jirani yangu, nyuma ya nyumba yake, kwenye yale matuta yanayofika magotini ametia samadi ya zizi la zamani.

Nikachukua mafungu mawili, nikapita njia ya nyuma ili asinione.