Mwacheni mtoto wa awali achague pa kukaa

Dawati la watoto watatu, lile la chuma ambalo benchi na meza vimechomelewa pamoja, halimfai mtoto wa miaka mitano. Ingia darasa la awali katika shule nyingi za huku kwetu Lindi na Mtwara uone. Yamepangwa safu kwa safu yakitazama ubao, na waliokalia miguu inaning'inia. Daftari linamfika mtoto kifuani. Wa katikati akibanwa na haja, wa pembeni sharti ainuke kwanza. Mwalimu anashinda akisema "kaa vizuri", na mtoto hajui amekosa nini, kwa kuwa kosa si lake.

Najua madawati hayo yalivyopatikana. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walifurika shuleni, na Rais Magufuli akawapa wakuu wa mikoa mpaka mwisho wa Juni mwaka huo wawe wamemaliza upungufu wa madawati. Ilikuwa kazi njema, na mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akiandikia mapajani alipata haki yake. Lakini tangu hapo tumezoea kuipima shule kwa madawati, hata kwenye darasa la awali, ambako mtoto hakuja kunakili ubaoni. Amekuja kuimba, kusikiliza hadithi, kufinyanga udongo, kuhesabu vizibo vya soda na kokwa za ukwaju. (Korosho zenye maganda msiwape. Mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi.) Mtaala wenyewe unataka kona za kujifunzia. Kona utaziweka wapi chumba kikishajaa vyuma?

Nimefundisha darasa la awali, na jambo lililonifunza zaidi ni kuwatazama watoto wanapoachiwa nafasi. Yupo anayesikiliza hadithi vizuri akiwa amelala kifudifudi, kidevu mikononi. Mwingine hupiga magoti mbele ya kigoda na kukifanya meza. Mwingine anasimama, na akisimama anachora kwa utulivu ambao huuoni akiwa amekaa. Yupo pia anayetaka kiti chake na meza yake, mgongo ukutani, na huyo naye apewe. Mwili wa umri huo haujaumbwa kutulia pale pale asubuhi nzima. Nguvu anazotumia kujizuia asitikisike ndizo ambazo angezitumia kusikiliza.

Si jambo geni duniani. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907, na baadaye akaweka humo meza na viti vyepesi ambavyo mtoto mwenyewe aliweza kuvihamisha, na waliotaka walifanyia kazi sakafuni juu ya zulia. Hapa nchini zipo shule za awali, nyingine za masista, zinazofuata njia hiyo. Sisi wa pwani ya kusini hata zulia hatulihitaji. Mikeka inasukwa Kilwa, inasukwa Mikindani, na fundi seremala wa kijijini anaweza kuchonga vigoda au kukata miguu ya meza iliyolegea ikawa fupi.

Pingamizi kubwa hutoka kwa wazazi, na nawaelewa. Mzazi aliyesoma akiwa amekaa juu ya vumbi, akirudi nyumbani na funza vidoleni, hataki kusikia habari za mwanawe kukaa chini. Ana haki. Sakafu yenye mashimo si mahali pa mtoto, na kumketisha kwenye saruji tupu kwa sababu hakuna kingine ni kumnyima. Ninachokisema mimi ni sakafu iliyosakafiwa vizuri, inayopigwa deki, mkeka safi ambao hakanyagi mtu na viatu, na kando yake vigoda, meza fupi na viti vichache. Mtoto akae chini kwa kuwa amependa, na kesho akitaka kiti akipate.

Idadi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na wengi tunakizidi mbali. Kwenye umati huo uhuru bila utaratibu ni vurugu, kwa hiyo mwalimu lazima awagawe makundi, mengine yatoke chini ya mwembe wakati mengine yako ndani. Asiyeona vizuri au asiyesikia vizuri achaguliwe mahali kwanza, kabla ya wote. Wawili wakishindwa kukaa jirani bila kugombana, mwalimu awatenganishe bila kusita. Kuandika kufanyike mezani, kwa zamu, maana mkono unaojifunza kushika penseli unahitaji pa kuegemea.

Naziomba kamati za shule zikae sasa, msimu wa korosho ukiwa bado una fedha mkononi mwa watu, kabla wapya hawajaingia Januari. Yatoeni madawati nusu ya chumba cha awali, muyapeleke madarasa ya juu yanakopungua. Nusu iliyobaki wazi itandikwe mikeka, na mwalimu wa awali aulizwe anataka meza fupi ngapi.