Simu katika kipindi cha ushairi: sikio zuri, mhesabu mbovu

Wanaotetea simu katika kufundisha utunzi sekondari wana hoja nzito ambayo wenyewe huitaja kwa nadra, nayo ni sauti. Mwanafunzi akijirekodi akisoma ubeti wake, kisha akausikiliza mara mbili huku akigonga meza kwa kila silabi, atanasa mshororo (mstari wa shairi) uliopwaya ambao macho yaliupita. Daftari halina sauti, na mwalimu wa darasa la watu 45 hawezi kumsikiliza kila mmoja.

Hoja ya pili ni ufinyu wa nafasi. Ujumbe mfupi hubeba herufi 160. Chukua mshororo huu:

*Mtu akitunga vyema, mizani hazimtupi*

Una mizani (silabi) 16, 8 kila kipande, na herufi 36 pamoja na nafasi na mkato. Minne ya namna hiyo ni ubeti wa tarbia, na unaenea katika ujumbe mmoja. Ongeza emoji moja tu, kikomo kinashuka hadi 70.

Zoezi linalofaa ni la zamu: wanafunzi wanne, simu moja, kila mmoja mshororo wake. Mzigo uko kwa wa kwanza, kwani vina vyake (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande) vya kati na vya mwisho huwafunga wenzake. Akimalizia kwa *-pi*, wa tatu ataishiwa maneno na kuanza kuyabuni. Afadhali kikundi kiorodheshe karatasini maneno sita ya kila kina kabla simu haijawashwa.

Wapinzani hulalamikia michezo na mitandao. Hilo ni dogo. Kuzima data hulipunguza sana. Kasoro kubwa iko kwenye hesabu. Programu inayohesabu irabu huipa *mtu* silabi moja, ilhali ni mizani mbili, maana *m* hiyo husimama peke yake. Mshororo wetu utasomeka 7 kwa 7, na mwanafunzi mtiifu ataongeza silabi, aharibu kilichokuwa kizima. Programu iliyoundwa kwa Kiingereza huweza kukosea kwa namna nyingine: huunganisha irabu zinazofuatana, *maua* ikawa silabi moja badala ya tatu. Vidole ndivyo vihesabu.

Kisahihishi cha maneno nacho hakijui inkisari, yaani kufupisha neno ili kutimiza mizani. *Aloondoka* badala ya *aliyeondoka* huokoa mizani moja, lakini simu hulipigia neno mstari mwekundu au hulibadilisha kimyakimya. Kizimwe mapema.

Kuhusu programu zinazotunga shairi zima, wapinzani wana haki ya kuogopa, ila kuzipiga marufuku hakutoshi, kwa kuwa kazi hufanyika nyumbani. Mwambie mwanafunzi abadilishe kina cha kati cha ubeti wake palepale, mbele yako. Aliyetunga atahangaika, lakini atajua aanzie neno lipi. Aliyenakili ataanza kwa kuuliza kina cha kati ni kipi.