Injini ya Moshi Hufia Kwenye Boila

Wageni wa makumbusho ya reli Nairobi hukimbilia kupiga picha magurudumu ya 5918, "Mount Gelai". Wana haki. Ni Garratt, injini ndefu yenye boila moja kati ya seti mbili za magurudumu, ya daraja la 59, moja kati ya 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950, na uzito wake ni tani 250 na ushee. Ila magurudumu hayaamui kama injini ya moshi itaishi. Boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke, ndiyo huamua, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya karakana iliyodharauliwa bure kama kuosha boila.

Maji ya kisima yana chokaa. Yakichemka, mvuke huondoka na chokaa hubaki, ikiganda juu ya bamba la tanuri, yaani chumba cha moto ndani ya boila, kama ukoko wa wali. Ukoko huo huzuia maji yasilipoze bamba. Chuma kikipata moto kupita kiasi hulainika na kutuna katikati ya stei, yaani zile fito fupi zinazoshikanisha ukuta wa tanuri na ukuta wa nje.

Injini za daraja la 59 zilifanya kazi kwa shinikizo la ratili 225 kwa inchi ya mraba, karibu kilo 16 kwa kila sentimita ya mraba. Stei zikiachana sentimita 10, kila moja inabeba zaidi ya tani moja na nusu. Ikikatika, mzigo wake unahamia kwa jirani zake.

Kwa hiyo osha, na usiwe na pupa. Acha boila ipoe yenyewe, hata kama ni siku nzima. Kumwagia maji baridi bamba lenye moto hulifanya lisinyae ghafla, stei zikatike, na mirija inayopitisha moshi wa moto katikati ya maji ianze kuvuja inapoungana na bamba. Boila ikishapoa, toa maji, fungua plagi zote za kuoshea, kisha anza na mpira wa maji juu ya paa la tanuri ukishuka hadi pembe za chini, ambako tope hutuama. Palipoganda, kwangua kwa fito. Halafu ingiza taa na kioo utazame. Maji yanayotoka maangavu si ushahidi kwamba paa ni safi. Plagi zirudishwe kwa mkono kwanza, uzi ukae sawa, ndipo spana ifuate.

Mirija inayovuja hukazwa kwa rola, kifaa kinachoingizwa mdomoni mwa mrija kuutanua. Hapo ndipo mafundi wengi huharibu: kila ukikaza, mdomo wa mrija unakuwa mwembamba na tundu la bamba linapanuka, mwishowe bamba linapasuka kati ya tundu na tundu. Gusa kidogo, acha.

Stei hupimwa kwa nyundo na sikio. Nzima hulia kama kengele. Iliyokatika hutoa sauti ya kufa. Anzia safu za juu na pembeni, maana huko ndiko kuta mbili husukumana zaidi kila tanuri linapopata moto. Stei nyingi zina kitundu chembamba upande wa nje, na stei ikikatika kitundu hicho hutoa maji. Wapo wanaokiponda mdomo kwa nyundo ili kisivuje, na wapo wanaokifunika kwa rangi injini ipendeze siku ya maonyesho. Wote wawili wamelinyamazisha jambo pekee ambalo stei ile ingeweza kusema. Badilisha stei.